Matundu kwenye Kitenge

"Jalidi haina meno, Mama Bahizire! Hii kitu imekuliwa. Angalia vizuri, usiangalie na macho ya diplome."

"Sijasema ina meno, Mama. Nimesema baridi imelikuta jani bado limejikunja. Sehemu iliyoganda ikafa, na jani lilipokunjuka ile sehemu ikapasuka. Ndiyo hayo matundu."

"Kwangu Louisville hakuna matundu."

"Kwako Louisville mwezi wa tano watu wanavaa sandali."

"Bon. Sasa kosa ni ya Louisville."

Nzigire alikuwa amelishika jani kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya mfu. Alikuwa hajaingia ndani. Alikuwa hajanywa hata maji. Mjukuu wake Bahizire, aliyekuwa mgongoni kwa mama yake Emérence akitafuna ukingo wa mbeleko, alikuwa hajasalimiwa. Kutoka Louisville hadi Buffalo ni safari ya kutwa nzima, na ukilala Columbus njiani ni zaidi. Mama mkwe huyu alishuka kwenye gari la mwanawe, akanyoosha mgongo, akaizunguka nyumba moja kwa moja hadi nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, kwenda kukagua mmea.

Mwanawe Nshombo, mume wa Emérence, ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa amesikia kila kilichoweza kusemwa juu ya mmea ule tangu walipotoka Kentucky. Alichagua kubeba masanduku.

Mmea wenyewe ni hosta. Wamarekani huupanda kivulini kwa sababu haudai kitu: majani mapana, hufa kila majira ya baridi na kufufuka kila masika, na kila mwaka huongeza vichipukizi kandokando. Familia ilipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, ikapewa nyumba ya kupanga, Nzigire aliukuta umesimama nyuma ya nyumba hiyo, chini ya bomba la maji ya mvua. Yeye ni Mshi, mzaliwa wa wilaya ya Walungu karibu na Bukavu. Kwao nyumba isiyo na migomba nyuma yake ni nyumba ya mtu anayepita. Kentucky haikubali migomba. Basi akautazama ule mmea unaozaa watoto kandokando bila kuombwa, akaupandisha cheo siku hiyohiyo.

Na ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyebisha. Majani yake yalikuwa ya manjano hafifu kama siagi, na juu ya manjano hayo kulikuwa na mistari ya kijani kizito iliyofuata mishipa ya jani na kusambaa pembeni, kama wino uliodondokea karatasi mbichi. Hakukuwa na jani lililofanana na mwenzake. Nzigire akaupa jina Kitenge.

Kila mwana alipooa alikatiwa kichipukizi. Liberati alikwenda nacho Columbus, Nshombo akaja nacho Buffalo. Mama aliwakatia yeye mwenyewe, kwa kisu chake cha mpini wa mbao, na kisu hicho kilikuwa na sheria: hakioshwi kati ya fungu na fungu. Ukiosha kisu cha kugawia, alisema, umeosha undugu. Kwa hiyo utomvu wa fungu la kwanza uliingia kwenye fungu la pili, na utomvu wa la pili ungeingia kwenye la tatu, familia ikawa moja.

Sasa alikuwa amekuja Buffalo kwa mambo mawili. La kwanza, Athanasi, kitinda mimba wake, alikuwa amemchumbia binti aitwaye Précieuse, na Précieuse alikuwa akiishi na wazazi wake hapahapa East Side. Bibi arusi hupokea kichipukizi akiwa bado kwao, kwa hiyo fungu lake lingekatwa kwenye Kitenge cha Buffalo. La pili, Athanasi akioa, Nzigire hatabaki naye nyumba moja. Alikuwa ametangaza mbele ya wanawe wote, kwa simu ya pamoja, spika zikiwa wazi: "Nitaenda kuishi pale Kitenge yangu inaishi vizuri."

Columbus ilikuwa imekwisha kuanguka. Huko, nyuma ya nyumba ya Liberati, alikuta mmea wa kijani kitupu, bila mstari hata mmoja. Alimtazama Gloire, mke wa Liberati, akamwambia, "Umezima damu ya watu." Asubuhi hakunywa chai.

Ikabaki Buffalo, na Buffalo ilikuwa na matundu.

Asije mtu akadhani Emérence alimtaka mama mkwe nyumbani kwa ajili ya mapenzi. Alimtaka kwa ajili ya Jumatatu. Alikuwa na diplome ya kilimo kutoka Bukavu, na tangu afike Amerika diplome hiyo ilikuwa imemfundisha kugeuza wazee kitandani na kufunga maboksi. Sasa nyumba za vioo huko Tonawanda, zinazokuza maua ya kupelekwa madukani, zilikuwa zimemwajiri kwa sababu ya diplome yenyewe. Kazi ilikuwa kupita kati ya meza za mimea, kutambua iliyo migonjwa, na kuitupa bila huruma. Alikuwa amekwenda siku moja ya mafunzo, akapewa na vipimo vya kufanyia mazoezi. Angeanza Jumatatu asubuhi. Nshombo naye alikuwa akifanya kazi asubuhi kwenye ghala huko Lackawanna. Shule ya watoto wachanga ilisema nafasi labda mwakani. Bila bibi wa kumshika Bahizire, hakuna Jumatatu.

Hiyo ndiyo sababu alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, chai haijachemka, akiitetea hoja ya jalidi kama wakili.

"Mama, njoo huku." Alimshika mkwewe kiwiko, kwa adabu lakini kwa nguvu, akamvuta hadi kwenye uzio. "Tazama kwa jirani. Ile rubabi yake, ile mboga ya majani mapana. Ile maua ya buluu pale. Unaona?"

Nzigire alichungulia. Majani ya jirani yalikuwa yamepasuka na kukauka kingo, yote.

"Na huyu jirani pia ameshindwa kutunza?" Emérence aliuliza.

"Huyo ni Muzungu. Sijui kama anatunza."

"Hali ya hewa haichagui, Mama. Ikipiga, inapiga kila kilichosimama pale, cha kwako na cha jirani, na inapiga majani yale tu yaliyokuwa nje siku hiyo. Twende tena kwa Kitenge." Walirudi. Emérence alichuchumaa, mtoto akaning'inia mgongoni, akayatenga majani ya nje kwa mikono miwili. "Haya ya nje ndiyo yaliyopigwa. Ugonjwa haufanyi hivi. Ugonjwa unakaa ndani ya mwili wa mmea. Kila jani jipya linazaliwa nao. Kama huu ungekuwa ugonjwa, ungeona alama zilezile kwenye jani lililotoka juzi. Sasa angalia katikati. Angalia jani jipya. Liko na tundu?"

Nzigire aliinama akiwa ameshika magoti. Alitazama kwa muda.

"Hapana," alisema. "Halina."

"Ni zima?"

"Ni zima." Uso wake ulilegea. "Aka! Ni zima kabisa. Na ona michoro, Mama Bahizire! Ona vile inazaliwa nayo. Ata jani ya juzi. Mtoto mudogo, tayari amevaa!"

Emérence aliangalia michoro.

Alikuwa ameiona kila masika tangu aolewe. Alikuwa ameipiga picha na kuituma Louisville. Lakini hakuwahi kuitazama akiwa ametoka kusema maneno aliyokuwa ametoka kuyasema. Wino wa kijani ulifuata mishipa. Jani lilikuwa na vinundu kwenye ile mistari, kama ngozi iliyoungua ikapona vibaya. Ncha ilikuwa imejipinda kidogo. Na lilikuwa jani lililotoka juzi, ambalo halijawahi kuonja jalidi. Kila jani jipya linazaliwa nao. Siku ya mafunzo walimwonyesha picha ya kitu hiki hiki, na mkufunzi akasema zamani watu waliipenda michoro hiyo, wakainunua kama aina mpya, mpaka ilipogunduliwa ni nini. Emérence aliandika yote. Haikumjia hata mara moja kwamba na yeye anacho kimoja kwake.

Binadamu ndivyo alivyo. Ugonjwa wa jirani anautambua kwa picha, wa kwake anaupeleka Louisville kwa simu ili usifiwe.

"Mbona umenyamaza?" Nzigire aliuliza.

"Miguu imekufa ganzi, Mama."

"Simama basi. Na mupe mimi huyu mutoto." Alimchomoa Bahizire kwenye mbeleko, akambusu shingoni kwa kelele. "Tata wangu, baba yangu! Bibi amekuja. Bibi atakaa na wewe, unasikia? Bibi ameona Kitenge, iko muzima, ni baridi tu iliifanyia fujo. Nshombo! Toa hizo masanduku yote. Ata ile kubwa!"

Kwa hiyo Emérence alikuwa ameshinda.

Aliingia jikoni. Aliweka maji ya chai motoni. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na shaka wakati kipimo kipo kwenye mkoba, alitoka nje kwa mlango wa nyuma, akachuma kipande cha jani jipya, akarudi. Kipimo chenyewe ni kitu rahisi. Unaweka kipande cha jani ndani ya mfuko mdogo wa plastiki wenye maji ya dawa, unakisugua kwa nje mpaka kitoe utomvu, halafu unatumbukiza kijikaratasi chembamba na kungoja. Mstari mmoja, mmea ni safi. Mistari miwili, una virusi.

Virusi vya hosta havina dawa ila kuung'oa mmea na kuutupa. Haviletwi na mdudu wala upepo, na baridi haihusiki. Huletwa na utomvu, na utomvu huletwa na kisu, na mmea unaweza kuvibeba miaka kabla haujaonyesha lolote. Emérence aliyajua hayo. Kabla ya vita alikuwa akizunguka Walungu na Kabare akiwafundisha wakulima mnyauko wa migomba. Chovya panga kwenye maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, kabla hujagusa mgomba mwingine, aliwaambia, vinginevyo wewe mwenyewe ndiwe ugonjwa. Walimpigia makofi. Kisha aliolewa, akapewa kichipukizi kilichokatwa kwa kisu kisichooshwa, naye akapiga makofi.

Mstari wa kwanza ulijitokeza. Alisonga karibu. Mstari wa pili ukaja taratibu, mwekundu, bila aibu.

"Yesu wangu!"

Nzigire alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Macho yake yalikuwa kwenye kijikaratasi.

"Mama, subiri..."

"Mistari mbili! Niko najua hii kitu, Gloire alinionyesha ya kwake, ikatoka moja, akalia. Mbili ndiyo mimba!" Alikuwa ameanza kucheza palepale, Bahizire akirushwa juu chini. "Nshombo! Nshombo, kuja! Muke wako ana mimba!"

"Mama, si mimba. Ni..."

"Unaficha nini? Mbele ya mama mukwe unaficha? Ni ya mwezi ngapi?"

Nshombo aliingia na sanduku kichwani. Alimtazama mkewe, akaangalia kijikaratasi, akaangalia mama yake anayecheza, na uso wake ukafunguka. Kwa vile wao wawili walikuwa wakipishana kazini kama walinzi wa lango, alikuwa na haki ya kushangaa. Hakushangaa. Alifurahi, ndivyo alivyo.

"Kweli?" aliuliza.

Emérence alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi: ni jani. Lakini swali la pili lingekuwa, jani limefanyaje? Na jibu la hilo lingemrudisha Nzigire kwenye gari kabla ya chai kuiva. Alipima haraka, kama anavyopima mama yeyote mwenye sufuria motoni. Uongo wa mimba ungejiumbua wenyewe baada ya miezi michache, wakati yeye tayari ameshika kazi. Ukweli wa jani ungemaliza kila kitu leo.

"Tutaongea baadaye," alimwambia mumewe. Hilo kila mume hulielewa kuwa ndiyo.

"Donc niko hapa miaka mbili, tatu," Nzigire alisema, amekaa, anahema. "Batoto wawili si mchezo. Mimi nilishaona leo ni siku ya baraka. Kesho asubuhi nitakata fungu ya Précieuse. Na nimeona uko na zingine kama hii pale kwenye uzio, zile kubwa za rangi ya moshi."

"Hizo nilizinunua, Mama. Si za familia."

"Ndiyo maana. Kesho nitapitisha kisu pale pia, ile ile, ziingie familia. Haifai kitu kukaa nyumba moja bila undugu."

Chai ilichemka ikamwagika.

Jioni Gloire alipiga simu kutoka Columbus. Emérence alipokelea bafuni, maana ndiko mahali pekee ambako mama mkwe alikuwa hajafika.

"Yaya, dada yangu mukubwa, hongera," Gloire alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia akanawa uso. "Mama ametupigia. Amesema Kitenge ya Buffalo ni zima, na wewe uko na mimba."

"Gloire, sikiliza."

"Hapana, mi nafurahi. Kweli. Mama alisema ata maua haikai kwangu, mutoto atakaa namna gani. Aliambia Liberati mbele yangu. Na Liberati akanyamaza, Yaya. Tangu waondoke hajasema na mi." Alivuta pumzi. "Nikuambie kitu? Ile Kitenge yangu ilikufa. Majani ilijipinda, ikakuwa kidogo kila mwaka, kidogo, ikakufa. Nikaogopa. Nikaenda dukani nikanunua ingine nikaweka palepale. Nilifikiri hataona."

"Ile ya dukani inaendeleaje?"

"Ya dukani? Iko muzuri, inajaa. Lakini ni ya kijani tu. Haina damu ya watu."

Emérence alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Ni lazima isemwe kwamba, mchana huo, wakati Nshombo anamsimulia juu ya Columbus, alikuwa amesikia utamu mdogo moyoni. Si mkubwa. Ule anaousikia mwanafunzi mwenzake anapochapwa. Sasa utamu huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Katika familia nzima, mtu pekee mwenye mmea mzima alikuwa huyu anayelia.

"Liberati yuko wapi?" aliuliza.

"Sebuleni. Anaangalia mpira."

"Mwache aangalie. Kesho nitakupigia. Simu usiiweke mbali."

Hakueleza zaidi. Alilala vibaya, na Nshombo aliweka mkono tumboni kwake kwa upole uliomtia hasira.

Asubuhi jua lilikuwa limetoka. Nzigire alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na koti la baridi la Nshombo juu yake. Alikuwa ameandaa beseni la kupokelea fungu la Précieuse, amelitandika kitambaa cheupe, na kisu kilikuwa mkononi, mweusi ubapa wake kwa utomvu wa miaka. Nshombo alisimama pembeni na simu, tayari kupiga picha. Nzigire alisali kwa ufupi, akaomba mkono wa Précieuse uwe kama wa Emérence. Akainama.

"Mama, usikate."

"Nini tena? Umekumbuka kisu haijasalimiwa?" Alicheka mwenyewe.

"Usikate. Ni mgonjwa."

Nzigire alinyooka. "Jana umeniambia ni baridi. Ulinipeleka mpaka kwa Muzungu."

"Matundu ni ya baridi. Hilo ni kweli na bado ni kweli. Matundu si kitu, mwaka kesho hayapo. Ugonjwa ni michoro."

Nshombo alishusha simu.

"Michoro gani?"

"Hii, Mama. Kitenge chenyewe. Hosta ya aina hii inatakiwa kuwa ya manjano tupu. Huo wino unaofuata mishipa ni virusi. Ndiyo maana kila jani linazaliwa nao. Nilikueleza mimi mwenyewe jana, sikujisikia ninachosema."

"Wewe uko na wivu," Nzigire alisema polepole. "Unaona nakatia Précieuse, unataka kubaki nayo peke yako."

"Mama, unakumbuka mosaïque, ule ugonjwa wa mihogo? Majani yenye mabaka ya manjano?"

"Namna gani nitasahau? Mboga ya sombe ya ile majani ilikuwa tamu kushinda ingine. Tulikuwa tunachagua yenye mabaka."

"Na mihogo chini?"

Kila mtu wa Walungu anajua kilichokuwa chini: mizizi kama mikia ya panya, na njaa.

"Ilikuwa tamu," Nzigire alisema tena, lakini kwa sauti ya chini.

"Nimepima. Ile mistari miwili ni ya jani. Sina mimba. Nshombo, samahani, sina mimba."

Nshombo aliangalia simu yake kana kwamba ndani yake kulikuwa na mtu wa kumsaidia. "Nimeshamwambia mchungaji," alisema.

"Utamwambia tena." Emérence alimgeukia mkwewe. "Mama, ya Gloire ilikufa kwa ugonjwa huu. Hakuzima damu ya mtu. Hiyo ya kijani uliyoikataa ndiyo nzima pekee tuliyo nayo kwenye ukoo. Na ugonjwa huu hauendi na upepo. Unaenda na kisu."

Nzigire alitazama kisu mkononi mwake.

"Donc mimi," alisema, "miaka yote hii nimewagawia batoto yangu ugonjwa."

Mtu mwingine hapo angetafuta neno laini. Emérence alilitafuta pia, hakulipata karibu. "Ndiyo, Mama."

"Na ile ya Louisville?"

"Ndiyo mama yao."

Nzigire alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alikiweka kisu chini, mbali kidogo na mguu. Kwa muda alionekana mdogo ndani ya lile koti. Kisha alijikusanya, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuonekana mdogo kwa muda mrefu.

"Bon. Sikiliza, Mama Bahizire. Mimi nilisema nitaishi pale Kitenge inaishi. Nilisema mbele ya batoto wote. Ukiichimba hii, mi sina kwangu Buffalo. Nshombo atanirudisha leo. Ile ya Louisville nitaichimba mimi na mikono yangu, hakuna mutu atashika mpawu ya kuchimbia pale isipokuwa mimi, na nitaichimba kabla ya arusi. Wewe utabaki na mutoto wako na kazi yako ya Jumatatu, utajua namna." Alimtazama machoni. "Ama tuiache. Hatukatii Précieuse, nitatafuta uongo ya kumwambia. Hatupitishi kisu kwenye uzio. Hii inabaki hapa, inatuangalia, na mi nabaki. Hakuna mutu atajua."

Lilikuwa pendekezo zuri. Emérence alilikagua pande zote, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Kitenge kikibaki kimesimama kama kizima, Gloire anabaki mwenye mkono mbaya, na Liberati anaendelea kuangalia mpira. Siku moja mtu angekuja na kisu kingine. Na yeye mwenyewe angekuwa akitoka kila asubuhi kwenda kulipwa kwa kutupa mimea ya watu wengine, huku wa kwake ukimsindikiza kwa macho.

Hata hivyo Jumatatu ilikuwa kesho kutwa, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto.

"Nshombo," alisema, "mshike Bahizire."

Alimfungua mtoto mgongoni akamkabidhi. Aliingia stoo, akatoka na mpawu na mifuko myeusi ya taka. Alivaa glavu za kuoshea vyombo. Alitoa simu, akampigia Gloire, akawasha spika, akaiweka kwenye ngazi kando ya mkwewe.

"Gloire, mwite Liberati hapo. Mama ana neno la kuwaambia juu ya mmea wenu."

"Mimi?" alisema Nzigire.

"Wewe, Mama. Uliyasema mwenyewe, uyafute mwenyewe."

Hakungoja kuona kama atasema. Alikanyaga mpawu, ukazama. Kitenge kilikuwa kimeshika ardhi kama mtu mwenye hati ya shamba. Alikizunguka, akakata udongo kila upande, akakiinua kwa nguvu za mgongo na kukiangusha mzimamzima ndani ya mfuko, majani yenye matundu na yasiyo na matundu. Nyuma yake alisikia Nzigire akikohoa, kisha sauti yake, kavu, ya mtu anayesoma maneno ya lugha asiyoijua: "Liberati? Ni mama yako. Ile maua ya muke wako... usiiguse. Iko muzuri. Ni yangu ndiyo ilikuwa mubaya." Halafu kutoka Columbus kilio cha mwanamke, halafu Nzigire tena, amekasirika: "Bon, usilie, nimesema iko muzuri!"

Emérence alifunga mfuko wa kwanza, akauingiza ndani ya wa pili. Alipogeuka kuokota mpawu, mkwewe alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, ananyoosha kidole.

"Umeacha muzizi. Pale."

"Wapi?"

"Pale. Hapana, pale, kwenye jiwe. Diplome gani hii?"

Emérence alipiga magoti, akauvuta mzizi mpaka ukang'oka wote, akautia ndani ya ule mfuko wa pili. Kisha aliuburuta mfuko wote hadi mbele ya nyumba, akautumbukiza kwenye pipa la taka, akafunika, na kulisukuma pipa mpaka kando ya barabara, bado hajui ni nani atakayemshika Bahizire Jumatatu.